Kazi Zote Zimekamilika

Tarehe 3 Februari

Kwa mke mwenzangu mdogo,

Mume wetu hajambo, ila magoti. Lile la kulia analiita Bosi, kwa sababu ndilo linaloamua kama leo tutatoka au hatutoki. Anakusalimu na anauliza lini utakuja kushika zamu yako ya kumkanda, maana mimi mikono imechoka na yeye bado anajiona bwana harusi.

Naandika kwa kalamu kama unavyoona, yeye anapiga picha kwa ile tableti uliyomletea na kukutumia. Jumbe zenu fupi siziwezi. Mtu akiniandikia "poa" nabaki nageuza simu juu chini nikitafuta maneno mengine yameangukia wapi.

Sasa nisikilize. Jumamosi iliyopita nimefanya kituko. Turubai kubwa nililiahidi kwa watu wawili, siku moja, saa moja. Mahafali ya shule ya watoto wadogo upande mmoja, na upande wa pili yule mama wa duka la dawa aliyekuwa anaagwa na wenzake. Nimekuja kujua asubuhi ile ile, pale dereva aliponiuliza kwa upole kama turubai tunalikata vipande viwili. Ilibidi mama wa dawa nimuunganishie yale madogo mawili, na nguzo ikaangukia katikati ya meza kuu. Hotuba yake ya kustaafu ameitoa akiwa ameikumbatia nguzo. Watu walidhani ni uchungu wa kuacha kazi.

Nilipoanza nilikuwa na viti hamsini vya plastiki na kichwa changu. Viti sasa ni mia tatu, maturubai matatu, meza, dereva na gari lake, lakini kichwa ni kile kile kimoja. Hakijawahi kuniangusha, na sasa kimeanza kuteleza. Si uzee, usifurahi. Ni wingi wa mambo. Wewe ndiye uliyesomea kupanga shughuli za watu, na kwenye ile ofisi ya ghorofani wanakulipa kwa hilo. Nipangie na mimi kabla sijamwozesha mtu kwenye msiba.

Mke mwenzako mkubwa


Tarehe 5 Februari

Mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo Bibi, na shikamoo nyingine mpelekee Bosi.

Nimecheka nguzo mpaka machozi, kisha nikakaa chini nikakupangia. Kazini nimebanwa sana mwezi huu, ila nimepata jioni mbili tatu. Sikiliza, ni rahisi.

Kwanza kuna kalenda. Iko mtandaoni, na sisi wote tunaiona ile ile: wewe kwenye simu yako, Babu kwenye tableti, dereva kwenye simu yake, na mimi huku. Ukiandika harusi, naiona hapo hapo. Kila turubai nimelitengea rangi yake. Kubwa ni la kijani, na madogo ni njano na bluu. Ukiona kijani mbili zimepandana siku moja, hapo kuna ugomvi, usikubali oda.

Pili kuna orodha ya kazi. Kila oda inajizalia kazi zake: kupakia, kupeleka, kupanga, kurudisha, kuosha. Kila kazi ina kiduara pembeni. Ikikamilika unagusa kiduara, kinaweka alama ya tiki na kazi inaondoka machoni. Kesho yake simu inakukumbusha zilizobaki. Kichwa chako kiachie mambo mengine.

Nimeingiza oda zote ulizonitajia kwenye simu jana. Nimeanza pia kabati la picha, ili mteja aone viti vikiwa vimevaa vitambaa kabla hajaanza kukuuliza maswali ishirini.

Mpe Babu aijaribu. Najua anapenda vitu vya kubonyeza.

Mke mwenzako mdogo, anayewapenda


Tarehe 20 Februari

Mke mwenzangu,

Naona niseme ukweli ingawa unaniuma: kitu chako kinafanya kazi.

Siku za kwanza niliona umeniletea mama mkwe ndani ya simu. Nipo kwenye ibada, watu wameinamisha vichwa, mkoba wangu unapiga kengele kwamba vitambaa vya meza havijaanikwa. Kila mtu akanigeukia. Lakini Ijumaa ile mteja alipiga simu akitaka turubai kubwa la tarehe nane, na mimi, bila kuhangaika, nikafungua, nikaona kijani, nikamwambia kwa sauti ya mtu wa benki, "Samahani, siku hiyo tumejaa." Nimeipenda ile sauti. Nimeirudia nikiwa peke yangu jikoni.

Dereva naye ameacha kunipigia mara kumi kwa siku. Anatazama orodha, anapakia, anakwenda. Na mume wetu ndiyo usiseme. Akimaliza chai ya asubuhi anavaa miwani, anaiweka tableti mapajani kama mtu anayesoma gazeti, na huko ndani kunalia tingili tingili. Nikimuuliza anasema anafuatilia biashara. Basi mwache afuatilie, angalau haniulizi tena soksi ziko wapi.

Kuna jambo moja nataka kukuuliza. Juzi Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa naongea na mteja kwenye simu ya mezani, na kabla sijamaliza naona oda yake imeshaingia kwenye kalenda, na rangi umeshaweka, kwa kuwa nilikuwa nimeandika neno moja tu pale kwenye kalenda. Umefanya upesi kuliko mimi niliyekuwa naongea naye. Kazini hawakuoni? Usije ukafukuzwa kwa ajili ya viti vyangu vya plastiki.

Mke mwenzako mkubwa


Tarehe 22 Februari

Bibi yangu,

Usiwe na wasiwasi. Bosi wangu ni mtu mwelewa, na ofisi siku hizi inaturuhusu kujipangia muda. Nikiwa nasubiri kikao kianze natupia jicho kalenda yenu, dakika moja tu. Inanipumzisha.

Nimeongeza vitu vidogo. Kuna fomu sasa, mteja anajaza mwenyewe mtandaoni: tarehe, idadi ya viti, mahali pa kupeleka. Namba niliyoweka kwenye fomu ni yangu, ili wasikusumbue na maswali ya ovyo. Nimekuwekea pia kazi zako binafsi: kunywa maji glasi nane, kupumzika Ijumaa mchana, na mazoezi ya magoti ya Babu. Na mnazifanya zote. Kila nikifungua naona imeandikwa "Kazi zote zimekamilika". Kule nilikokuwa nikiratibu watu wazima wenye shahada sijawahi kuona maneno hayo hata wiki moja.

Nimewaonea fahari, kwa kweli. Nilimwonyesha jirani yangu hapa mlangoni, akasema anataka bibi kama wewe.

Mke mwenzako mdogo


Tarehe 16 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sina utani, kwa hiyo nakuita kwa jina la undugu. Nikicheka kidogo mbele utanisamehe.

Unajua nusu ya mambo ya jana, maana wewe ndiye uliyeshika simu. Nusu nyingine ndiyo hii.

Ijumaa mchana kalenda iliniambia nipumzike. Nikatazama orodha, ilikuwa nyeupe, kazi zote zimekamilika. Nikajua dereva ameshapeleka viti mia mbili na turubai kubwa kwa muuguzi anayemwozesha binti yake. Dereva naye ametazama, akaona kazi ya kupeleka imeshafutwa, akajua nimekodi gari jingine kama ninavyofanya siku za msongamano. Akaenda kuosha gari. Mimi nikalala. Nimelala vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi asubuhi simu yangu niliisahau kwenye mfuko wa aproni. Kwa hiyo mama wa bibi harusi alipotoka nje akakuta uwanja mtupu, namba iliyojibu ni yako. Dereva ameniambia jinsi ulivyompigia, ukampigia mwenye ghala afungue, kisha ukamwambia yeye aanze na nguzo kabla ya viti. Mimi nimekuja kugongewa mlango nikiwa kitandani; nimefika wanapakia, nina kandambili miguu tofauti.

Tumefika pale bibi harusi ameshavaa. Amekaa garini na shela lake, mlango wazi, anatutazama. Wageni wengine wameshafika wamesimama juani. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu bwana harusi akavua koti, akampa mtu amshikie, akaja nyuma ya gari akasema, "Mama, nipe viti sita sita." Wenzake wakamfuata. Turubai limesimama, viti vimepangwa, harusi imefungwa, na yule kijana ameoa akiwa na vumbi mgongoni. Mama mtu hajanitukana. Angenitukana ningepumua. Alinishika mkono tu akasema pole, na mimi nikakosa pa kuweka uso.

Miaka yote hii sijawahi kuchelewesha kiti. Nilikosea turubai mwezi ule, ndiyo, lakini lilikuwa kosa langu, nimelibeba mwenyewe. Hili la jana sijui nimlaumu nani. Mashine yako imesema kazi imefanyika, na haikufanyika.

Nakushukuru kwa ulivyohangaika. Lakini nimeifuta ile programu kwenye simu yangu. Nitarudi kwenye kichwa changu. Kikidanganya, angalau nakijua.

Bibi yako


Tarehe 17 Machi

Bibi,

Nisamehe. Tangu jana nasoma barua yako, narudia pale kwenye kandambili, na moyo unauma.

Nimechunguza. Programu huwa inaonyesha nani amegusa kiduara na saa ngapi. Kazi ya kupeleka viti iliguswa Ijumaa asubuhi, kutoka kwenye tableti. Nikarudi nyuma. Kila kazi, Bibi, ukiacha siku zile za kwanza, imeguswa asubuhi baada ya chai, kwenye tableti, zote kwa mpigo. Maji yako glasi nane yamenywewa kabla hujaamka vizuri. Mazoezi ya magoti yamefanywa na kidole. Kama wiki zote hizi mambo yalikwenda, ni kwa sababu dereva alikuwa na desturi ya kusoma orodha alfajiri kabla Babu hajavaa miwani. Ijumaa aliamka na mafua akachelewa.

Na kosa ni langu. Niliona kazi zinakamilika kwa namna ambayo hakuna binadamu anayekamilisha, nikafurahi badala ya kuuliza.

Usimgombeze Babu. Muulize tu.

Na Bibi, tafadhali, usiifute kabisa. Nimeondoa tableti kwenye orodha, sasa inaweza kutazama bila kugusa. Kama hutaki orodha, tubaki na kalenda. Kama hutaki kalenda, niandikie oda kwa barua, nitaziingiza mwenyewe, niwe naziona tu. Nikiamka asubuhi ndicho kitu cha kwanza ninachofungua. Bila hiyo sijui siku ningeianzia wapi.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Machi

Kwa mke wangu mdogo,

Leo naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo usitegemee mengi. Bibi yako yuko ghalani anahesabu viti, ndiyo raha yake akiwa na hasira.

Ni mimi. Nilipokuwa fundi wa umeme, asubuhi tulipewa karatasi ya kazi za siku, kila mmoja anaweka alama kwenye jina la kazi kuonyesha ameiona. Alama maana yake nimeiona, naijua, haitanipita. Kufanya kulikuja baadaye. Basi nikaona tableti inaleta kazi, nami naweka alama kwamba nimeiona. Nayo inalia vizuri, na mwisho inanipongeza. Tangu nistaafu hakuna aliyewahi kunipongeza kabla ya saa mbili asubuhi. Sikuuliza, kwa sababu mwanamume wa umri wangu hapendi kuuliza kiduara ni cha nini.

Nimeshamwambia bibi yako. Alishinda ghalani siku ile, kisha usiku akaniletea maji ya moto ya magoti. Tumemaliza.

Hilo ni la kwanza. La pili ni gumu kidogo.

Mwezi wa pili, siku moja mchana, tableti iligoma kunyamaza nikataka unisaidie. Simu yako haikupatikana. Nikatafuta namba ya ofisi yenu, nikapiga. Binti wa mapokezi akaniambia hufanyi kazi pale tangu Desemba, idara yenu ilifungwa. Nikamwambia asante, nimekosea namba.

Unajua watu husema sina kifua, kwamba siri kwangu ni maji kwenye tenga. Hii nimeishika, hata bibi yako hajui. Nilisubiri useme mwenyewe. Lakini juzi aliponisomea barua yako, pale uliposema hujui siku ungeianzia wapi, nikaona kusubiri si uungwana tena.

Usife na tai shingoni, mama. Niambie.

Mume wenu


Tarehe 20 Machi

Babu yangu,

Nimesoma nikiwa nimesimama, ikabidi nikae.

Ni kweli. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kufunga mwaka. Walituita wanne kwenye chumba cha vikao, chumba ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakiwekea ratiba. Nikashangaa mbona sijaona kikao hicho kwenye kalenda. Nilipotoka nilikuwa na boksi, na maua yaliyokuwa mezani kwangu.

Nilisema nitawaambia nikipata kazi nyingine, ili habari zije mbili pamoja, mbaya na nzuri. Nzuri imechelewa. Asubuhi navaa kama naenda ofisini, nakaa mezani, naandika maombi, na ikifika saa nne sina cha kufanya. Mimi Babu, niliyekuwa napanga siku za watu arobaini, kalenda yangu ilikuwa nyeupe kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Ndipo Bibi akaandika habari za nguzo.

Hujui zile rangi zilinifanyia nini. Nilikuwa najua kuna mahafali, kuna mtu anaagwa, kuna vitambaa vinakauka. Jumamosi ile ya harusi nililia baada ya kukata simu, na si kwa huzuni peke yake. Kwa saa tatu kuna mtu alinihitaji.

Usimwambie Bibi. Alijisifu kwa majirani wote kwamba nipo ghorofani. Niachie nimwambie mwenyewe, nikiwa na pa kushika.

Mke wako mdogo


Tarehe 22 Machi

Mke mwenzangu,

Mume wetu ameenda kuonwa magoti, kwa hiyo picha nimepiga mwenyewe. Ukiona kidole changu kwenye ukurasa, na chenyewe kinakusalimu.

Hasira zimeisha. Huyu bwana nimeishi naye muda mrefu mno kumkasirikia kwa kosa la kupenda kengele. Dereva nimemwomba radhi, na yule muuguzi nimemwendea nyumbani kwake. Tumekaa sana. Nitakuambia.

Kabla ya hapo, nina neno. Mtoto wangu, ofisi gani ile ina jogoo?

Kila ninapokupigia asubuhi ya kazi, nyuma yako jogoo anawika, mtu anafua, na redio ya jirani inasoma vifo. Mwanzo nilisema labda umeumwa umelala nyumbani. Wiki ya pili nikasema labda ofisi imehama. Wiki ya tatu nikanyamaza, kwa sababu wewe ulikuwa unaongea kwa furaha sana juu ya vitambaa vya meza, na mtu mwenye kazi ya ghorofani hafurahii vitambaa vya meza kiasi kile. Nikakuongezea oda. Zile nilizoweza kuandika mwenyewe nikakupa wewe uandike. Nilisema ajishughulishe, atasema akiwa tayari. Mimi nilitangulia kujua, kabla hata wewe hujajua kwamba najua.

Usimwambie babu yako. Akijua hatalala, na shinikizo lake la damu unalijua.

Sasa, habari za muuguzi. Aliniuliza, yule binti aliyepokea simu ni nani? Anasema alikupigia akiwa amechanganyikiwa, na wewe ukamuuliza kwanza kama bibi harusi amekula. Ukamwambia ampe chai, na chai ikiisha gari litakuwa limefika. Anasema kwa sauti ile alijua mambo yatakuwa. Pale kwake nilimkuta pia meneja wa ukumbi mmoja wa sherehe, na mama anayeoka keki, na wote wananililia mambo yale yale: oda kugongana, wateja kusahaulika. Wameomba namba yako. Sijawapa. Nakuuliza wewe kwanza.

Njoo nyumbani ufanye kazi hii. Au ifanye ukiwa huko huko. Chagua.

Mke mwenzako mkubwa


Tarehe 24 Machi

Kwa mume wetu na mke mwenzangu, kwa pamoja. Kaeni mezani, someni wote wawili, kwa sauti.

Babu, Bibi anajua. Bibi, Babu anajua. Babu nilimwomba amfiche Bibi, Bibi akaniomba nimfiche Babu, na mimi kichwa changu hakiwezi kubeba siri tatu ndani ya nyumba yenye watu wawili.

Nawapenda mpaka naona haya. Lakini Bibi, uliposema ulikuwa unaniongezea oda ili nijishughulishe, nimeumia. Kumbe nilikuwa mtoto anayepewa ufagio mdogo ili ajione anafagia. Sasa nawezaje kujua kama kazi unayonipa leo ni kazi, au ni ufagio ule ule?

Alhamisi nina usaili, kampuni kubwa, kazi kama ya zamani. Naomba mniache niende bila mtu kunionea huruma.

Mjukuu wenu


Tarehe 25 Machi

Mjukuu wetu,

Tumesoma mezani kama ulivyoagiza. Tulipofika pale pa kujua na kujua, babu yako akanitazama, nami nikamtazama. Akasema, "Kumbe na wewe." Kwa wiki kadhaa tumekuwa tunabadilisha mazungumzo kila mmoja akimlinda mwenzake. Tumecheka mpaka akashika goti.

Sasa la huruma. Mwulize mama yako nilivyomfukuza kaka yangu wa tumbo moja, kwa sababu viti alikuwa anavikalia kuliko kuvibeba. Nilimpenda, na nilimfukuza. Kwenye viti mimi sina undugu.

Ni kweli mwezi wa pili nilikupa oda za kukuchangamsha. Nilikuona unazama, nikakurushia kilichokuwa karibu. Hilo siliombi radhi. Lakini Jumamosi ile ya harusi sikukupa mimi. Ile ilikuja yenyewe, na uliibeba, na mimi mwenye biashara nilikuwa nimelala. Huo haukuwa ufagio mdogo.

Nenda kwenye usaili wako. Piga pasi ile blauzi ya samawati, kola inakuwa na kiburi. Ukipata kazi na unaitaka, ichukue, tutajivunia. Ukipata na huitaki, usiichukue kwa ajili ya majirani zangu. Nilichowasifia wao ni wewe. Ghorofa walijiongezea wenyewe.

Bibi na Babu


Tarehe 28 Machi

Wapenzi wangu wawili,

Walikuwa watatu, mezani pana chupa za maji na majina yetu kwenye karatasi. Waliuliza mambo ya kawaida, nikajibu kama nilivyozoea. Kisha mwanamke wa katikati akauliza, "Na tangu Desemba umekuwa ukifanya nini?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu. Lilikuwa na maneno mengi mazuri na halikuwa na ukweli hata kidogo. Nilifungua mdomo nikasikia nasema, "Naendesha biashara ya bibi yangu ya kukodisha viti na maturubai." Halafu sikunyamaza. Niliwaeleza rangi za maturubai. Niliwaeleza Babu na alama zake, na kwamba siku hizi nikipanga kazi na watu, jambo la kwanza nauliza kila mmoja, ukiweka alama hapa, kwako ina maana gani? Yule mwanamke aliandika hilo. Niliwaeleza bwana harusi na viti sita sita. Mmoja wao aliondoa miwani akafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Wamesema watanipigia.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, watu wanapita na vitambulisho shingoni. Nikajiuliza kama natamani wapige, na nikajikuta nawaza vitambaa vya meza. Mpaka wiki hii nilikuwa nadhani nimeikosa ofisi. Kumbe nilichokosa ni watu wa kunisubiri.

Bibi, mpe meneja wa ukumbi namba yangu. Na mama wa keki. Waambie nafanya kazi, si msaada, na masharti nitawatumia. Nimeshamwambia mwenye nyumba kwamba chumba hiki nakihama, nakuja nyumbani. Wale wa kampuni wakipiga, watanikuta njiani.

Mke mwenzako mdogo


Tarehe 5 Aprili, mezani, chini ya chupa ya chai

Mke mwenzangu,

Kama unasoma hii basi jirani amekupa ufunguo na umeshaingia. Vua viatu.

Tumetoka na dereva, kuna mahafali upande wa pili wa mji na mume wetu amesisitiza kubeba nyaya mwenyewe. Chai ni ya moto, mkate uko kwenye kopo. Kitanda chako ni kile cha dirishani, nimebadilisha shuka.

Najua ulivyo. Usifungue kalenda, usimpigie meneja wa ukumbi, usihesabu kitu. Umesafiri siku nzima na miezi minne kabla ya hapo. Lala.

Wala usitege kengele ya simu. Tutakuja kukuamsha sisi wenyewe, kwa mkono.